Shirika likizama, nani hulipa kwanza? Vuta nikuvute ya vyama na wakuu wa KQ

MARUBANI wa Shirika la Ndege la Kenya (KQ) waliposusia kazi Novemba 5, 2022, madeni ya shirika hilo yalikuwa yamekwisha kuipita thamani ya mali yake yote.

Wakuu wa shirika walionya kuwa kila siku ya mgomo ingewagharimu takriban Sh300 milioni. Marubani nao wakajibu kuwa hawakuwa wakiomba nyongeza yoyote, bali walichokuwa wamekatwa: mchango wa mwajiri katika hazina ya akiba yao ya uzeeni, na sehemu ya mishahara iliyozuiliwa tangu janga la corona lilipozuka mwaka wa 2020.

Pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli. Ndiyo sababu mzozo huo, kama mingine iliyoutangulia, ulikuwa mgumu kutatua. Suala halikuwa kama fedha zilikuwapo, bali ni nani angetangulia kubeba hasara.

Madeni yalivyorundikana

KQ iliundwa mwaka wa 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka wa 1996 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa zake. KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, na nyingine zikauzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi.

Kwa miaka mingi shirika hilo lilitajwa kuwa kielelezo cha ubinafsishaji uliofaulu barani Afrika. Dalili za kwanza za mashaka zilijitokeza katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2009, lilipopata hasara ya takriban Sh4 bilioni baada ya kandarasi zake za kununua mafuta kwa bei iliyopangwa mapema kulitia hasara bei ya dunia iliposhuka. Agosti mwaka huo wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mishahara.

Baadaye ukaja mpango wa upanuzi uliopewa jina la Mawingu, uliokusudia kuongeza ndege hadi zaidi ya 100 kufikia mwaka wa 2021. Mwaka wa 2012 wenye hisa waliombwa kuchangia Sh20 bilioni zaidi, wakatoa takriban Sh14.5 bilioni pekee. Pengo hilo likajazwa kwa mikopo.

Ndege mpya aina ya Boeing 787 zilianza kuwasili Aprili 2014, wakati mbaya kupindukia. Utalii ulikuwa umeathiriwa na mashambulizi ya kigaidi, likiwemo la Westgate la Septemba 2013, na Agosti 2014 safari za Liberia na Sierra Leone zikasitishwa kwa sababu ya Ebola. Hasara ikafika Sh25.7 bilioni katika mwaka uliokamilika Machi 2015, kisha Sh26.2 bilioni mwaka uliofuata.

Vyama viwili, vilio viwili

Wafanyakazi wa KQ hawazungumzi kwa sauti moja. Marubani wana chama chao, KALPA. Wahudumu wa ndani ya ndege, mafundi na wafanyakazi wengine wengi huwakilishwa na chama cha wafanyakazi wa sekta ya ndege, KAWU.

Tofauti hiyo ina uzito wake mezani. Rubani hawezi kupatiwa mbadala kwa siku moja, kwani mafunzo yake huchukua miaka na leseni yake hufungamanishwa na aina ya ndege. Marubani wachache wakikataa kuruka, shirika zima husimama. Mhudumu au mpakiaji mizigo hana silaha kama hiyo, na ndiye huwa wa kwanza shoka la kupunguza wafanyakazi linapoanguka.

Mwaka wa 2012 shirika liliwaachisha kazi mamia ya wafanyakazi. Mahakama ya masuala ya ajira iliamuru warejeshwe, lakini mwaka wa 2014 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha amri hiyo, japo ilikosoa jinsi shughuli hiyo ilivyoendeshwa bila mashauriano ya kutosha.

Marubani walionyesha nguvu zao Oktoba 2016. Walitisha kugoma iwapo mwenyekiti Dennis Awori na afisa mkuu mtendaji Mbuvi Ngunze hawangeondoka. Awori alimpisha Michael Joseph, naye Ngunze akatangaza kuwa angeng'atuka.

Machi 2019 ikawa zamu ya KAWU. Mgomo wa kupinga mpango wa kuikabidhi KQ usimamizi wa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ulizimwa na polisi kwa vitoa machozi, huku wasafiri wakikwama.

Kufilisika ni nini hasa?

Neno 'kufilisika' lilitajwa mara nyingi katika mazungumzo hayo, lakini maana yake kisheria haikuelezwa sana.

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kampuni iliyoshindwa kulipa madeni inaweza kuwekwa chini ya msimamizi anayejaribu kuiokoa, au mali yake ikauzwa ili wadai walipwe. Mdai aliyeshikilia mali mahususi kama dhamana huifuata mali hiyo. Wenye ndege za kukodisha nao huzichukua ndege zao.

Mfanyakazi hupewa kipaumbele, lakini chenye mipaka. Mshahara anaodai kwa miezi minne ya mwisho hulipwa mapema, ilimradi hauzidi Sh200,000. Kinachosalia husubiri pamoja na wadai wa kawaida, ambao aghalabu huambulia kidogo au patupu.

Basi kwa nini vyama havikutishika? Kwa sababu wengi hawakuamini kwamba serikali ingeiacha KQ ife. Novemba 2017 baadhi ya madeni yaligeuzwa kuwa hisa: serikali ikabaki na asilimia 48.9, mabenki ya humu nchini yakapata asilimia 38.1, na KLM ikateremka hadi asilimia 7.8. Serikali pia ilidhamini mikopo ya dola 750 milioni. Mkopaji mwenye mdhamini kama huyo hafi upesi, na wanaojadiliana naye wanalijua hilo.

Wakuu wa shirika nao walijua hivyo hivyo. Kwa hiyo kila upande ulivuta kamba ukiamini kwamba mlipa kodi ndiye angeishika isikatike.

Siku nne za Novemba

Mgomo wa 2022 uliendelea licha ya agizo la mahakama la kuusimamisha. Marubani wapatao 400 walihusika, safari nyingi zikafutwa, na zaidi ya wasafiri 10,000 wakaathirika.

Haki ya kugoma imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba, lakini sheria hutaka notisi ya siku saba na juhudi za upatanishi kwanza. Novemba 8, mahakama iliwaagiza marubani warejee kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata, na ikamzuia mwajiri kuwaadhibu. Wakarejea, lakini suala la akiba ya uzeeni likabaki kwa majadiliano.

Mwaka huo KQ ilipata hasara ya Sh38.3 bilioni. Sehemu kubwa ilitokana na mikopo ya dola, ambayo ilizidi kuwa mizito shilingi ilipodhoofika. Mgomo wa siku nne, kwa hesabu ya shirika lenyewe, haungeweza kufika hata asilimia tano ya kiasi hicho.

Hazina ya Kitaifa ilipolichukua deni la benki ya Exim ya Marekani, mzigo wa shirika ulipungua. Mwaka wa 2024 likatangaza faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza katika zaidi ya mwongo mmoja. Lakini katika nusu ya kwanza ya 2025 likarejea kwenye hasara ya takriban Sh12 bilioni, baada ya baadhi ya ndege zake kubwa kukaa chini kwa kukosa injini na vipuri.

Hesabu hizo zinaonyesha kuwa mishahara pekee haikuiangusha KQ, wala kupunguza mishahara pekee hakungeiinua. Ndege zilizonunuliwa kwa deni la dola zilikuwa mzigo mzito zaidi, na uamuzi wa kuzinunua haukupitishwa kwenye meza ambayo vyama vilialikwa.