Sari za Hariri za Banaras

Sari ni kitambaa kimoja kirefu, kiasi cha yadi 6, kisichokatwa wala kushonwa, ambacho bibi wa Kihindi hujizungushia mwilini. Ziko sari za namna nyingi, lakini hapa twataka kueleza ile ya hariri na zari ifumwayo Banaras, mji wa kando ya mto Ganges ambao tangu mwaka 1956 huitwa rasmi Varanasi. Mara nyingi ndiyo avaayo bibi arusi wa Bara Hindi ambaye wazazi wake waweza kuinunua.

Watu wengi hutazama dhahabu yake. Zari ya asili ni utepe mwembamba wa fedha uliozungushwa juu ya uzi wa hariri na kupakwa dhahabu. Kwa maoni yetu, ajabu iliyo kubwa zaidi ni maua yenyewe, kwa kuwa hayakutiwa kwa sindano, bali yalifumwa pamoja na nguo. Je, mfumaji alijuaje ni nyuzi zipi za mtande za kuinua, katika maelfu, hata ua litokee? Palikuwa na fundi aliyeitwa nakshaband, jina ambalo ndani yake Mswahili hutambua neno lake mwenyewe, nakshi. Fundi huyo aliifunga picha nzima katika nyuzi, na nyuzi hizo zikaunganishwa na mtande juu ya kitanda cha mfumi. Msaidizi, mara nyingi mtoto, alizivuta fungu baada ya fungu, na kila alipovuta, mfumaji alipitisha mshindio.

Mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard, wa mji wa Lyon katika Ufaransa, alitengeneza chombo kilichofanya kazi hiyo kwa kadi zilizotobolewa. Kilipofika Banaras, mwanzoni mwa karne ya 20, yule mvuta nyuzi hakuhitajiwa tena, na ufundi wa nakshaband ukaanza kufifia. Mkono wa mfumaji ulibaki.

Wengi wa wafumaji hao ni Waislamu waitwao Ansari, nao kwa vizazi vingi wamewavika maarusi wa Kihindu. Wake zao hutayarisha nyuzi nyumbani, kazi ambayo ni nadra kulipwa ujira wake peke yake. Sari moja yenye nakshi nyingi yaweza kuwashika miezi, hali mashine ya umeme hutoa mfano wake upesi na kwa bei ya chini, kisha ukauzwa kwa jina lile lile. Ndiyo sababu mwaka 2009 jina la Banaras liliandikishwa kwa sheria, lisitumiwe ila kwa nguo za huko na za wilaya jirani.

Mnunuzi naye yafaa aigeuze sari, aitazame nyuma. Katika ufumaji uitwao kadhua, kila ua husimama peke yake na uzi wake, wala hapana nyuzi ndefu zilizoachwa au kukatwa baina ya ua na ua.