Historia ya "Kupiga Simu" na Haja ya Kugawa Maana Yake

Miongoni mwa maneno ambayo tumeyazoea mno kiasi cha kutoyachunguza ni "kupiga simu". Katika makala haya tunakusudia kueleza historia yake kwa ufupi, na kuonyesha kwa nini hayamtoshi tena mfasiri anayeandika maelekezo ya adapta ya simu ya intaneti, yaani chombo kidogo kinachoiunganisha simu ya mezani na intaneti nyumbani.

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, na maana yake mojawapo ni waya. Mwaka 1879 waya uliolazwa baharini uliiunganisha Unguja na Aden kwa upande wa kaskazini, na Durban kwa upande wa kusini. Simu ya wakati huo ilikuwa habari fupi ya maandishi, na karani aliipeleka kwa kugonga kitufe. Kwa hiyo kitenzi "kupiga" kilimfaa. Simu ya kuzungumza ilipoenea, jina likabaki lilelile. Ile ya zamani ikatambulishwa kuwa simu ya maandishi, na ya redio ikaitwa simu ya upepo.

Kwa miaka mingi mwenye simu alimtajia opereta namba aitakayo, naye opereta akamwunganisha. Mwaka 1891 Almon Strowger, mzishi wa Kimarekani, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, na mwaka 1892 mtambo wa namna hiyo ulianza kazi mjini La Porte, Indiana. Tangu hapo kazi ya opereta ikahamia katika kidole cha mpigaji. Kwetu kidole hicho kilizungusha namba. Vitufe vilipokuja, kikabonyeza. Tunaona basi kwamba istilahi zetu zilifuata mwendo wa kidole, wala si kazi inayofanywa na namba yenyewe.

Adapta imeuvunja utaratibu huo. Mtu huingiza namba, adapta huikusanya na kuipima kwa kanuni ilizopewa, kisha huituma. Ndipo simu ya upande wa pili inapolia. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Namba za mezani za eneo lake huanza na 028, na kwa kawaida namba kamili ya ndani ya nchi ina tarakimu 10. Namba za nchi za nje hutanguliwa na 000. Namba ya dharura ni 112, tarakimu tatu tu. Adapta haijui yenyewe namba inaishia wapi. Isipopewa kanuni kwamba 112 imekamilika, itangoja tarakimu nyingine hadi muda iliowekewa uishe. Nyumba inapoungua, sekunde hizo si kitu kidogo.

Sasa tutazame sentensi hii ya maelekezo: "Subiri sekunde nne kabla ya kupiga." Anayesubiri ni nani, mtu au chombo? Na kinachopigwa ni nini? Msomaji anayeielewa vibaya ataweka kanuni isiyofaa, naye hatagundua kosa hilo mpaka siku ya haja.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kazi hizi zitenganishwe. "Kuingiza namba" iwe kazi ya mtu. "Kutuma namba" iwe kazi ya adapta. Na "kupiga simu" ibaki kwa tendo zima la kutafuta mazungumzo na mtu mwingine. Maagizo ya kuzipima namba yaitwe "kanuni za namba", na muda ambao chombo hukaa kikitazamia tarakimu nyingine uitwe "muda wa kungoja". Pale ambapo tarakimu moja au mbili husimama badala ya namba ndefu, "namba fupi" inatosha. Nako kuiweka simu ijitumie namba moja mara tu mkono wake unapoinuliwa kuitwe "upigaji wa papo hapo".

Hatukusudii kuyafuta maneno ya watu. Atakayesema "nimekupigia" ataendelea kueleweka Bugarama na Unguja pia. Lakini mazungumzo yana nafasi ya kuuliza tena, ilhali karatasi ya maelekezo haiulizwi. Ni wajibu wa mfasiri kuhakikisha kwamba kila tendo ndani yake lina mtendaji wake.