Kasoro za zana nazo ziandikwe

Hebu fikiria umempa msaidizi wa akili mnemba kazi kwenye programu yako ya mauzo. Unamwambia: "Ondoa ankara ya yule mteja." Ana zana mbili: moja hubatilisha ankara na kuacha kumbukumbu, nyingine huifuta moja kwa moja. Yeye huchagua kwa kusoma maelezo ya kila zana. Kama zote mbili umeziandikia "huondoa ankara" tu, imekula kwako!

Tatizo hili siyo geni. Novemba 1971, pale Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix. Maelezo ya amri yalifuata mpangilio mmoja: jina, namna ya kuiandika, kazi yake, kasoro zake, na mtu wa kumuuliza ukikwama.

Kasoro! Waliandika waziwazi amri inashindwa wapi. Nawe fanya hivyohivyo: sema zana itumike lini, isitumike lini, na kipi hakirudi kikishafutwa. Msomaji wa 1971 alikuwa na wa kumuuliza. Msaidizi wako mara nyingi ana sentensi zako tu.