Mkono na Kitabu Kwenye Barabara ya Bibi Titi

Barabara ya Bibi Titi Mohamed si ndefu. Mtu akitoka Mnazi Mmoja kwa miguu kuelekea Upanga, anaimaliza kabla hajatafuta maji ya kunywa. Kwenye makutano na Barabara ya Morogoro kuna Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi. Mbele yake ipo Maktaba Kuu ya Taifa. Na huko inakokaribia Mtaa wa Ohio, kwa miaka mingi ilikuwapo Nyumba ya Sanaa. Nyumba ya kwanza ilimpa kijana bisibisi, ya pili kitabu, ya tatu rangi na patasi. Zilikuwa jirani za kutembeleana. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo, kijana aliyetaka kushika vyote vitatu ilimbidi avitafute kwenye milango mitatu tofauti, tena akiwa na sababu inayokubalika kwenye kila mlango.

Historia ya mpangilio huo ni ya zamani kuliko majengo yenyewe. Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Emman Kwegyir Aggrey, msomi kutoka Ghana ya leo. Wenyeji wa Dar es Salaam walimpokea kwa furaha kuu, kwa kuwa ilikuwa nadra kumwona Mwafrika akikaa meza moja na wakubwa wa serikali. Mohamed Said, mwandishi wa historia ya siasa za mji huu, anaeleza kwamba Aggrey ndiye aliyemtia hamasa Kleist Sykes ya kuanzisha chama cha Waafrika. Chama hicho, African Association, kilizaliwa mwaka 1929, na wanachama wake wakajenga ofisi yao kwa kujitolea kwenye mtaa ambao sasa ni Lumumba.

Ripoti ya tume ilikuwa na sauti nyingine. Ilipendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na kazi za mikono. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Katika utekelezaji wa kikoloni, wengi waliliona kama njia ya kumwachia mtoto wa Kariakoo jembe na randa huku vitabu vikibaki kwa wengine. Tangu hapo kazi ya mikono ikawa na harufu ya kushushwa daraja, na mzazi aliyejinyima ili mwanawe asome hakutaka kusikia kwamba mtoto ameshinda shuleni akipiga misumari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianza kujenga vituo vya ustawi wa jamii mijini, kwanza kwa kuwafikiria askari waliorudi. Kituo kikubwa cha Dar es Salaam kilisimama Mnazi Mmoja, kwenye uwanja wa wazi uliotenganisha Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Fedha zilitoka kwa George Arnautoglu, tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, na watu wa mji wakalitamka jina lake watakavyo: Anatoglo. Ndani ya ukumbi huo kulikuwa na dansi, mikutano na madarasa. Humo ndimo, kwa maelezo ya Mohamed Said, Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichotokana na ile African Association, mwezi Aprili 1953. Ukiacha siasa kando, Anatoglo ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa umma katikati ya mji ambapo Mwafrika angeweza kujifunza jambo jioni bila kuulizwa cheti. Lakini mlengwa alikuwa mtu mzima. Kijana wa miaka kumi na minne alichungulia dirishani.

Vitabu navyo vilikuwa na njia yao. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, yenye makao Nairobi. Pamoja na kuchapisha, ofisi hiyo ilisambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa posta. Mkutubi wake, Sidney Hockey, aliandika mwaka 1960 ripoti ya kuzishauri serikali za Afrika Mashariki ziunde huduma za maktaba za kitaifa. Tanganyika ilipitisha sheria yake mwaka 1963. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Max Broome, Mwingereza. Baada yake akaja Ezekiel Kaungamno, Mtanzania wa kwanza kushika kiti hicho. Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Rais Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu. Mtaa wa karibu ukaitwa Mtaa wa Maktaba, heshima ambayo majengo machache ya mji huu yamepata.

Mwaka huo huo wa 1967 ulikuwa na mambo. Azimio la Arusha lilitoka Februari, na Machi Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia shamba na karakana. Kwa hiyo, ndani ya miezi kumi, taifa lilipata falsafa ya mkono na jengo la kitabu. Kukutana havikukutana. Falsafa ilikwenda shuleni, ambako katika sehemu nyingi iligeuka bustani ya mchicha na adhabu ya kufyeka majani. Jengo lilibaki na kanuni yake ya ukimya.

Wakutubi wa wakati ule wasilaumiwe sana. Karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma, na kazi kubwa ilikuwa kuwapatia waliokuwa wakihitimu kisomo kitu cha kusoma ili wasisahau. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza na kuchimba vyoo. Kufikia 1977 takwimu za serikali ziliwahesabu wasiojua kusoma kuwa kiasi cha robo. Nchi chache maskini zimefanya hivyo kwa kasi hiyo. Katika vita ya namna ile, nani angekumbuka chumba cha vijana? Watoto walipewa sehemu yao, watu wazima wakapewa ukumbi. Aliyeota ndevu za kwanza alikaa ukumbini na kunyamaza, au alirudi mtaani.

Mtaani nako alionekana tatizo. Oktoba 1968 wasichana waliovaa sketi fupi walishambuliwa Kariakoo, na kuanzia Januari 1, 1969 TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala, ikaendesha Operesheni Vijana dhidi ya mini, mawigi na suruali za kubana. Mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, iliyowakusanya wasio na kazi mijini na kuwapeleka vijijini. Ukisoma matangazo ya wakati ule unadhani ujana ni ugonjwa unaoenezwa na nguo.

Ndiyo maana Nyumba ya Sanaa inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Ilianzishwa mwaka 1972, na aliyeisimamia alikuwa Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Ndani yake kulifanyika batiki, uchapaji wa picha kwa bamba, ufinyanzi, ufumaji, uchongaji na uchoraji juu ya ngozi ya mbuzi. Mtu hakuulizwa darasa alilofikia. Alikaa kando ya anayejua, akaiga, akaharibu, akarudia. George Lilanga, Mmakonde aliyekuja mjini kutafuta riziki, aliingia hapo akiwa mlinzi wa usiku, kwa msaada wa mjomba wake Augustino Malaba. Mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, na hadi kifo chake mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Alikuwa mtu mzima alipoanza, ni kweli, lakini njia aliyofundishwa ndiyo hiyo hiyo waliyofundishwa vijana, baadhi yao wenye ulemavu, waliokaa kwenye mabenchi yale. Sista Pruitt baadaye, miaka ya 1990, akashiriki kuanzisha Dogodogo Centre kwa ajili ya watoto wa mitaani, nayo ikaweka mafunzo ya ufundi katikati ya malezi.

Kitabu nacho, kwa upande wake, kilitoroka maktaba. Ile ofisi ya masanduku ya vitabu ndiyo iliyochapisha hadithi za upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965. Miaka ya 1970 vijana wa Dar es Salaam wakachukua usukani, wakaandika vitabu vyembamba vya mapenzi na ujambazi, wakatafuta karatasi na mtambo wenyewe, wakauza mkono kwa mkono. Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba. Hammie Rajab akapata wasomaji ambao hawakuwa na kadi ya maktaba yoyote. Mwishoni mwa muongo huo likaja jarida la katuni la Sani la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na wahusika wake kina Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili wakaingia kwenye madaftari ya shule nchi nzima, wamenakiliwa kwa kalamu ya wino wakati mwalimu anaandika ubaoni. Hilo lilikuwa darasa la uchoraji lisilo na bajeti. Chumba kimoja chenye meza na karatasi pale Maktaba Kuu kingelikuta darasa hilo limeshajaa.

Daraja la kwanza la kweli kati ya mkono na kitabu lilitoka kwa watoto wadogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Haukuishia kununua nakala na kuzigawa shuleni; ulitumia pia mahema ya kusomea, ambako watoto husoma kwa sauti, kisha huigiza walichosoma, hukichora na kukiimba. Ni kelele tupu, na ndiyo siri yake. Hema halina kanuni za jengo.

Kisha zikaja shule za kata. Upanuzi wa sekondari ulioanza katikati ya miaka ya 2000 uliingiza kidato cha kwanza umati ambao mfumo haukuwahi kuuona, na maktaba za umma zikageuka sehemu za kujisomea. Ukumbi ulijaa madaftari ya wanafunzi na mitihani ya miaka iliyopita, huku vitabu vya rafuni vikipumzika. Hayo ni matumizi halali kabisa: nyumba ya chumba kimoja Kariakoo haina kona ya kufanyia hesabu. Lakini yanabana, kwa sababu msomaji wa mtihani na kijana mwenye nyundo hawawezi kugawana chumba.

Kwingine suala hilo limetatuliwa kwa mlango. Mwaka 2009 Maktaba ya Umma ya Chicago ilifungua YOUmedia, sehemu ya vijana wa sekondari yenye vifaa vya kurekodi muziki na video, mbali na sehemu tulivu. Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka 2017 ili kufufua Maktaba ya McMillan, ya mwaka 1931, iliyowahi kuwa ya Wazungu peke yao, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Walianzia matawini, kule waliko watoto, na warsha zikapewa nafasi sawa na rafu.

Dar es Salaam haijakosa mambo ya namna hiyo, yamehama tu. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa, tangu 2008, iko Mikocheni. Soma, mkahawa wa vitabu wa Demere Kitunga, uko huko huko. Buni Hub, kituo cha ubunifu, ilianza mwaka 2011 kwenye Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kijitonyama. Yote yamefuata Barabara ya Bagamoyo. Mtoto wa Mtaa wa Mchikichi anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ruhusa ya mama.

Walimu, hata hivyo, hawajahama. Mtaa wa Aggrey, wenye jina la yule mgeni wa 1924, leo ni mtaa wa simu, na vijana wanaozifungua, kupima saketi kwa mita na kuchomea risasi wamejifunza kama Lilanga alivyojifunza, kwa kukaa kando ya anayejua. Kutoka hapo hadi Maktaba Kuu ni mwendo wa miguu. Kinachohitajika kinajulikana: chumba chenye mlango unaofungika, meza isiyoogopa kuungua, soketi za kutosha, na mafundi wawili watatu. Ugumu uko kwenye ratiba. Jumamosi, siku ambayo mwanafunzi ana nafasi, ndiyo siku ambayo fundi wa Kariakoo hapati hata muda wa kula, na atakayemwalika maktaba itabidi amfidie mauzo ya siku nzima.