Gumboro na Historia ya Vilivyodharauliwa

Ugonjwa wa Gumboro ulipewa jina la kijiji kimoja katika jimbo la Delaware, Marekani, ulikoonekana mwaka 1957. Virusi vyake hushambulia kifuko cha Fabricius, kiungo kidogo kilicho karibu na tundu la haja la kuku, ambacho kwa zaidi ya karne tatu wataalamu walikijua bila kuijua kazi yake. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake walionyesha kwamba kuku aliyeondolewa kifuko hicho akiwa mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili. Jarida kubwa la sayansi liliikataa makala yao, ikachapishwa katika jarida la wataalamu wa kuku. Leo seli B, zinazotengeneza kingamwili hata mwilini mwa binadamu, zimepata herufi yake kutoka kwenye kifuko hicho.

Dharau ya namna hiyo imo pia katika historia ya huduma zetu za mifugo. Tangu sotoka ya miaka ya 1890, macho ya dola yalielekezwa kwa ng'ombe, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru na sotoka. Kuku, ambaye mara nyingi ndiye akiba ya mama nyumbani, alihesabiwa kuwa kitoweo tu.

Gharama ya dharau hiyo inaeleweka vizuri katika mji kama Chimala, wilayani Mbarali, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kifaranga aliyeambukizwa Gumboro kabla ya wiki tatu huenda asife, lakini kinga yake huharibika. Baadaye akichanjwa kideri, chanjo haimshiki vizuri. Kideri kikiingia, kuku hufa, na mfugaji huamini ameuziwa chanjo bandia. Hivyo ugonjwa mmoja huua kuku na imani kwa pamoja.

Chanjo ya Gumboro ipo, lakini hudai baridi tangu kiwandani hadi bandani, maji yasiyo na klorini, na siku sahihi: mapema mno, kinga aliyoirithi kifaranga kwa mama huizima, kwa kuchelewa, virusi hutangulia. Isitoshe, chupa moja huweza kuwa na dozi mamia, na ikishafunguliwa haihifadhiki. Mwenye vifaranga ishirini ataimudu vipi peke yake?

Jibu ni la kiutawala: halmashauri zipange siku za chanjo za pamoja kwa kila kijiji, zikiwa na jokofu, afisa mifugo na bajeti inayosomeka.