Kabla ya tovuti kulikuwa na barua: Wameru, mashamba namba 31 na 328, na haki ya kuuliza

Tuanze na jambo la ajabu kidogo. Ukiwa umekaa Nkoaranga, karibu na kanisa la zamani, na mtandao ukikubali, unaweza kufungua kwenye simu yako kumbukumbu za vikao vya Umoja wa Mataifa vya mwaka 1952 na kusoma jinsi suala la ardhi ya Wameru lilivyojadiliwa New York, mjumbe kwa mjumbe. Bure kabisa. Lakini ukitaka majalada ya utawala wa kikoloni yaliyobaki hapa nchini kuhusu suala hilohilo, hapo jiandae. Utahitaji kibali cha utafiti, nauli ya basi hadi Dar es Salaam, na siku kadhaa za kukaa kwenye chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa.

Kwa nini karatasi zilizosafiri mbali zaidi ndizo zilizo karibu nasi zaidi? Mtu atasema, "Wenzetu wana mashine za kuskani." Ni kweli, ila si sababu yote. Sababu kubwa ni ya kihistoria. Ukiielewa, utaelewa pia kwa nini leo tunahangaika na fomu za mtandaoni za kuomba taarifa za serikali, na namna ya kuzitumia vizuri.

Ardhi ilivyobana

Wamisionari wa Leipzig walijaribu kuingia Meru mwaka 1896. Wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba mwaka huo, na Wajerumani wakaja kulipiza kisasi vibaya sana. Misheni ilirudi mwaka 1902 na kujengwa Nkoaranga. Katika miaka hiyohiyo ardhi ya miteremko ya chini ilianza kugawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini. Matokeo yake, Mmeru alijikuta katikati: juu msitu wa serikali, chini mkanda wa mashamba ya wazungu. Watu waliongezeka, mifugo ikaongezeka, kihamba hakikuongezeka.

Njia mojawapo ya kupumua ilikuwa kuzunguka mlima kwenda upande wa kaskazini-mashariki, Ngare Nanyuki na Leguruki. Huko kulikuwa na malisho na maji, na Wameru walikaa wakalima na kufuga.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Ilipendekeza ardhi ipangwe upya ili eneo la wazungu kati ya Kilimanjaro na Meru, upande wa Sanya, liwe kipande kimoja kisichokatizwa na Waafrika. Kwa lugha nyepesi, Wameru waliokuwa kwenye mashamba yaliyoandikwa kwenye ramani kama namba 31 na 328 waondoke, waende Kingori.

Walikataa. Mwezi Novemba 1951 polisi wakaja. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Serikali ilitenga fidia, wao wakakataa kuipokea. Huo nao ulikuwa ujumbe: ukipokea hela, maana yake umekubali kuuza.

Barua iliyopewa namba

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu Desemba 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa msimamizi tu, angalau kwenye karatasi. Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa iliruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko kutoka kwa wakazi wa nchi hizo na kuyachunguza. Kila baada ya miaka mitatu ujumbe wa Baraza ulikuja kutembelea nchi. Ule wa mwaka 1951 ulisikiliza malalamiko ya Wameru kabla ya uhamisho wenyewe.

Sasa angalia utaratibu wenyewe, maana hapa ndipo penye somo. Lalamiko likifika New York lilipewa alama ya kumbukumbu. Yale ya Tanganyika yalianza na T/PET.2. Likishapata namba, lilichapishwa na kugawiwa kwa wajumbe wa Baraza, na serikali inayosimamia ilitakiwa kutoa maelezo yake kwa maandishi. Kisha likajadiliwa, na mjadala nao ukaandikwa.

Yaani barua ya mkulima wa Meru na majibu ya serikali ya Mwingereza ziliwekwa kwenye mfululizo mmoja, kila moja na namba yake, zikasomwa na nchi ambazo hazikuwa na deni lolote kwa London. Huwezi kusema "barua haijatufikia". Huwezi kusema "faili halionekani".

Wameru walichanga fedha. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Msemaji wao alikuwa Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alikwenda New York na kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, kisha mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Anakumbukwa kama Mtanganyika wa kwanza kusimama na kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Nyerere alifika huko Machi 1955, karibu miaka mitatu baadaye.

Walipata nini?

Tusidanganyane: ardhi haikurudi kwa kura ya New York. Baraza la Udhamini lilisikitishwa na jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru warudishwe. Kamati ya Nne ilikwenda mbali zaidi na kupitisha azimio la kutaka wenye ardhi warudishiwe. Lilipofika Baraza Kuu, Desemba 1952, halikufikisha theluthi mbili ya kura. Likaanguka.

Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akieleza yaliyotokea, na kesi ya Meru ikawa mfano uliofahamika mbali na Arusha. Watu walielewa kwamba gavana si mwisho wa barabara. Chama cha TANU kilipozaliwa Julai 1954, habari ya Wameru ilikuwa tayari mdomoni mwa wengi. Leo Ngarenanyuki ni kata ndani ya Wilaya ya Meru, na nyanya zake zinaliwa mpaka miji ya mbali.

Kilichobaki pia ni ushahidi. Serikali ililazimika kueleza, kwa maandishi, kwa nini ilifanya ilichofanya. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo, na tangu hapo watafiti wamerudi kwenye nyaraka zilezile mara nyingi.

Majalada yaliyopanda ndege

Ili kuona thamani ya hiyo namba ya kumbukumbu, tazama kilichotokea kwa majalada ambayo hayakuwa nayo mbele ya umma.

Waingereza walipokuwa wakiondoka, mwaka 1961, Wizara ya Makoloni ilitoa maelekezo: nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya London zisikabidhiwe kwa nchi mpya. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Kwa miaka karibu 50 hazikuwemo kwenye orodha yoyote ambayo mtu wa kawaida angeweza kuisoma.

Zilifichuka kwa sababu ya wazee wa Kenya. Mwaka 2009 wazee walioteswa wakati wa Mau Mau walifungua kesi London. Mawakili na wanahistoria waliendelea kuuliza maswali kuhusu majalada, na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa na majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, yamewekwa kwenye jengo la Hanslope Park. Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Majalada yenyewe yakahamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kwenye mfululizo unaoitwa FCO 141.

Uingereza ilikuwa na sheria ya uhuru wa taarifa iliyoanza kutumika Januari 2005. Kwa hiyo haki ya kuomba ilikuwepo tayari. Tatizo ni kwamba huwezi kuomba jalada usilojua kama lipo. Bila orodha, haki ya kuomba ni kama kuingia sokoni Tengeru usiku wa manane: ruhusa unayo, lakini huoni kitu.

Na sisi je?

Mwaka 1952 nchi zenye sheria ya kumruhusu raia kudai taarifa za serikali zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Sweden ilianza mwaka 1766, Finland ikafuata mwaka 1951. Marekani ilipata yake mwaka 1966. Afrika Mashariki, Uganda ilitangulia mwaka 2005, kisha Kenya na Tanzania zote mwaka 2016.

Sheria yetu inaitwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya mwaka 2016, na inahusu Tanzania Bara. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye taasisi za umma, inazitaka taasisi ziwe na maafisa wa taarifa, na inatoa siku 30 za kujibu. Kenya ni siku 21, na saa 48 pale maisha au uhuru wa mtu unapohusika. Kuna taarifa ambazo sheria inazikinga, kama za usalama wa taifa na za faragha ya mtu. Majalada ya zamani yana sheria yake, ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida huyafungua kwa umma baada ya miaka 30.

Upande wa mtandao, Uganda ilifungua mwaka 2014 tovuti ya kuiuliza serikali, ambapo swali na jibu vyote vilionekana na kila mtu. Mfano wake ulikuwa tovuti ya Uingereza iliyoanza mwaka 2008. Kwetu kuna e-Mrejesho, ambapo mwananchi anatuma malalamiko, maulizo au maoni kwa taasisi ya umma. Ni hatua. Lakini tofauti yake na tovuti ya wazi ni hii: jibu unalopewa peke yako linakusaidia wewe. Jibu linalosomwa na wote linamsaidia pia mwanafunzi wa mwaka 2060. Ndivyo T/PET.2 ilivyofanya kazi, kwa karatasi na meli.

Jinsi ya kuuliza kama Wameru

Kama unafanya utafiti, au unataka tu kujua mpaka wa shamba la shule ya kijijini kwenu ulibadilika lini, kuna mambo ya kujifunza kutoka kwao.

Kwanza, taja kitu chenyewe. Wameru hawakuandika "tunaonewa" wakaishia hapo. Walikuwa na namba za mashamba na majina ya mahali. Ukiomba "taarifa zote za ardhi Meru" utamchosha afisa, naye atakuchosha wewe. Omba muhtasari wa kikao fulani, ramani fulani, mwaka fulani.

Pili, kama hujui kilichopo, omba orodha kwanza. Masijala yoyote ina rejista ya majalada. Hilo ndilo funzo la Hanslope Park.

Tatu, usiondoke bila namba na tarehe. Kama ni mtandaoni, piga picha ya skrini. Kama ni karatasi, peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Barua za serikali zetu zina kile kipengele cha "Kumb. Na." juu kabisa, na wengi tunakiruka kwenda kwenye "Yah". Usikiruke. Siku 30 zinahesabika tu kama una cha kuanzia kuhesabu.

Nne, majibu ukishayapata, yahifadhi mahali mwenzako atayaona.

Bibi yangu huku Nkoaranga ana kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani mna stakabadhi za kodi, kadi za kliniki za watoto waliokwishazeeka, na karatasi moja ya mpaka yenye mhuri uliofifia. Siku moja nilimuuliza, "Bibi, hizi zote za nini?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, atakayekuja kuniuliza hajazaliwa bado."

Nilicheka. Baadaye niliposoma kumbukumbu za mwaka 1952 sikucheka tena. Wazee wale wa Ngare Nanyuki walishindwa kwenye kura, lakini leo bado tunajua kwamba walisimama wakasema, na tunajua serikali ilijibu nini. Kati ya maswali tunayotuma leo kwa simu, ni mangapi yatakuwa na namba, tarehe na jibu miaka 70 ijayo?