Kuhamisha mkopo wa nyumba: Piga hesabu kabla ya kutia sahihi

MWENYE nyumba wa Kitui au Makueni aliyekopa wakati riba ilipokuwa juu huenda sasa anajiuliza iwapo inafaa auhamishe mkopo wake hadi kwa mkopeshaji anayetoza riba nafuu.

Swali hilo lina msingi. Kiwango cha Benki Kuu ya Kenya, ambacho huelekeza riba za benki, kilifika asilimia 13 Februari 2024. Kilianza kupunguzwa Agosti mwaka huo, na kufikia Juni 2025 kilikuwa asilimia 9.75. Aidha, kampuni ya KMRC, iliyopata leseni mnamo 2020, huzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu kwa riba nafuu ili ziwakopeshe wananchi. KMRC yenyewe haimkopeshi mwenye nyumba moja kwa moja.

Hata hivyo, riba ndogo pekee si faida. Chukua mfano wa mkopaji mjini Wote aliyebakisha deni la Sh2 milioni la kulipwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 14. Yeye hulipa takriban Sh31,050 kila mwezi. Akipata riba ya asilimia 9.5 kwa muda uo huo, malipo yatashuka hadi Sh25,880, nafuu ya takriban Sh5,170.

Kutokana na nafuu hiyo, sharti aondoe gharama za kuhama: ada za mawakili, za kuthamini nyumba na za mkopo mpya, bima, na faini ya kulipa mapema iwapo mkataba wa kwanza unaitaja. Ushuru wa stempu kwa rehani ni asilimia 0.1, yaani Sh2,000 katika mfano huu. Tuseme gharama zote ni Sh150,000. Atahitaji miezi 29 kuzirejesha. Akiuza nyumba au kumaliza deni kabla ya hapo, atakuwa amepata hasara.

Mtego mkubwa zaidi ni kurefusha muda. Mkopaji huyo akikubali miaka 20 kwa riba ya asilimia 9.5, atalipa Sh18,640 pekee kwa mwezi. Lakini hadi mwisho atakuwa ametoa takriban Sh748,000 zaidi ya ambazo angelipa kwa kubaki na mkopo wa zamani wenye riba ya juu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kumwomba mkopeshaji wa sasa apunguze riba, kwani njia hiyo haina gharama nyingi. Akikataa, omba taarifa ya deni kwa maandishi na uulize kama riba mpya inaweza kubadilika. Anayetegemea mauzo ya maembe au ndengu aulize pia kama malipo yanaweza kufuata msimu wa mavuno.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inahitaji idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Sheria hiyo pia humpa anayeshindwa kulipa notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Anayeona malipo yakimlemea azungumze na mkopeshaji mapema, kwa kuwa mwenye malimbikizo hupata shida kukubaliwa na mkopeshaji mpya.